Steringi wake ni nani? Kuielewa filamu inayohusu wabaguzi wa rangi

Kuna kipande cha filamu kinachopita kwenye simu za watu bila jina wala maelezo. Mzungu mwenye kipara na tatuu amekaa na kijana mweusi, wanavuta bangi, wanacheka kama waliozaliwa nyumba moja. Mara mambo yanageuka: mzungu anamshukia mwenzake kwa ngumi na mateke mpaka anazimia. Kinachofuata kwenye makundi ya WhatsApp unakijua. Mmoja anasema hii ni filamu ya Wanazi, ifutwe haraka. Mwingine anaapa kwamba ni tukio la kweli lililorekodiwa Ulaya. Wa tatu, ambaye ameshinda kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa kuliko sisi sote, anauliza kitu cha maana zaidi: kwani steringi, yaani shujaa wa filamu, hapa ni nani?

Swali hilo la tatu ndilo nitakalolishughulikia, maana hayo mengine mawili yamejificha ndani yake.

Filamu yenyewe inaitwa This Is England. Iliongozwa na Shane Meadows na kutoka mwaka 2006. Hadithi inatokea kiangazi cha 1983 katika mji mdogo wa Uingereza. Shaun, mtoto wa miaka 12, amefiwa na baba aliyeuawa mwaka uliotangulia kwenye vita vya Falklands, kati ya Uingereza na Argentina. Shuleni anachekwa kwa suruali yake. Njiani akirudi nyumbani anakutana na kundi la vijana wakubwa wenye vipara, na kwa mara ya kwanza anapata watu wanaomwita mwenzao. Kiongozi wao, Woody, ni mpole na mcheshi. Mmoja wao ni Milky, kijana mwenye asili ya Jamaika. Wanamnyoa Shaun kichwa, wanamvalisha shati na mikanda ya mabegani, maisha yanakuwa matamu. Kisha Combo, rafiki yao wa zamani, anatoka gerezani akiwa na maneno mapya kichwani, na kundi linapasuka.

Yule anayempiga mwenzake kwenye kile kipande ni Combo, na anayepigwa ni Milky.

Tukianza na lililo jepesi, hii ni filamu huru. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni filamu isiyokaguliwa, au kazi ya wanafunzi, au video ya mtaani. Uhuru unaosemwa hapa ni wa mfuko: fedha hazikutoka kwenye kampuni kubwa za filamu, kwa hiyo hakuna mkubwa wa mbali anayedai mwisho uwe wa furaha au mwigizaji awe fulani mwenye jina. Bajeti ilikuwa takriban pauni milioni 1.5, wakati filamu kubwa za Hollywood hupita dola milioni 200. Thomas Turgoose, mtoto aliyecheza Shaun, hakuwahi kuigiza popote, na alidai pauni tano ndipo akubali kufanyiwa majaribio. Kampuni kubwa isingemvumilia hata dakika moja. Bila yeye sidhani kama filamu ingesimama.

Pia ni hadithi ya kutunga. Damu ni ya uongo na ngumi zimepangwa. Ni kweli kwamba Meadows aliichota kutoka kwenye utoto wake mwenyewe katika mji wa Uttoxeter, na kwamba ndani kuna vipande halisi vya habari za televisheni za wakati ule, waziri mkuu Margaret Thatcher akiwemo. Hilo ndilo linalowachanganya watu wanaoona sekunde 40 tu kwenye simu. Ila Stephen Graham, aliyecheza Combo, ni mwigizaji, na babu yake alikuwa Mjamaika. Mtu anayetukana na kupiga mbele ya kamera kwa sababu ya Ujamaika wa mwenzake ana Ujamaika ndani ya ukoo wake. Ukilijua hilo, kile kipande hutakitazama tena kwa jicho lile lile.

Sasa tuingie kwenye neno zito lenyewe. Hapa kwetu tunasema "ubaguzi" kwa mambo mengi mno. Mwenye nyumba anayekataa mpangaji kwa sababu ya kabila lake ni mbaguzi. Serikali ya makaburu ilikuwa ya kibaguzi. Halafu kuna hawa wa kwenye filamu. Vyote vinatoka shina moja, lakini havifanyi kazi kwa namna moja.

Ubaguzi wa mtu mmoja ni chuki au dharau aliyonayo moyoni na matendo yanayotokana nayo. Ubaguzi wa mfumo ni pale sheria, shule, hospitali na mishahara vinapopangwa kwa rangi, hata kama karani aliyekaa dirishani hana chuki na mtu. Itikadi kali ya ubaguzi ni jambo la tatu: mafundisho kamili yanayodai kwamba watu wamegawanyika kwa damu, kwamba damu moja ni bora, kwamba damu hiyo iko hatarini kuangamizwa, na kwamba kwa hiyo kutumia nguvu ni kujihami. Hapo kwenye kujihami ndipo penye sumu. Mbaguzi wa kawaida anaweza kukunyima chumba akalala usingizi. Aliyelishwa itikadi hii anaamini amevamiwa, na mtu anayeamini amevamiwa anaweza kukufanya chochote huku akijiona shujaa.

Nasikia mtu akiuliza: na utani je? Panda basi lolote kutoka Iringa kwenda Makambako, huwezi kufika bila kusikia la Mhehe na mbwa. Je, nao ni mwanzo wa itikadi kali? Hapana, na sababu inaonekana kwa macho. Utani wa makabila unakwenda pande zote mbili. Unanichokoza nami nakuchokoza, tena una wajibu wake, kwani mtani ndiye anayekuja msibani kusaidia na kuchekesha wafiwa wakati wenyewe wamekaa kwa huzuni. Tazama "utani" wa Combo. Siku anayorudi kutoka gerezani anasimulia kisa cha huko ndani kwa matusi ya rangi, Milky akiwa amekaa pale pale, na wote wanatazamiwa wacheke. Milky hana ruhusa ya kurudisha. Utani wa njia moja una kazi nyingine: unapima nani atanyamaza. Makundi ya chuki ya mtandaoni leo yanatumia njia hiyo hiyo, picha za kuchekesha kwanza, na ukilalamika unaambiwa huna uvumilivu.

Kuna uongo mmoja uliozoeleka ambao filamu hii inauvunja kwa dakika chache za mwanzo, na watazamaji wengi wanaupita bila kuuona: kwamba kipara na buti ni sare ya Wanazi. Filamu inafunguka kwa wimbo wa Toots and the Maytals, bendi ya Jamaika. Meadows hakuuweka hapo kwa bahati. Mtindo wa vijana wa vipara ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mitaa ya wafanyakazi ambako watoto wa Kiingereza waliishi jirani na watoto wa wahamiaji wa Jamaika. Waliigana mavazi, walicheza ska na rege, miziki ya Jamaika, kwenye kumbi zile zile. Kipara kilikuwa cha mtoto wa kibarua, na buti zilikuwa za kiwandani. Ni baadaye, miaka ya 1970 na 1980, chama cha National Front, kilichoanzishwa mwaka 1967 na kilichodai wahamiaji wasio wazungu warudishwe makwao, kilipoanza kuwavua vijana hawa kama samaki. Wengine walikubali, wengine walikataa na kubaki na rege yao. Kwa hiyo Milky kuwa ndani ya kundi la vipara si kosa la mwandishi, kama nilivyowahi kusikia mtu akibisha kwa nguvu. Yeye ndiye mwenye haki ya mtindo ule kuliko Combo. Woody na Milky wanawakilisha asili yake; Combo anawakilisha utekaji wake.

Utekaji huo unafanyikaje? Watu wanadhani kijana huanza kwa kuchukia, kisha anatafuta wenye chuki kama yake. Filamu inaonyesha kinyume chake.

Ukishuka stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, mpiga debe mzoefu hakuulizi unakwenda wapi. Kwanza anashika begi lako, anakuita kaka, anakuondolea mzigo begani na kuanza kutembea. Swali la safari linakuja mkiwa mmeshafika mlangoni mwa basi, na kufikia hapo kukataa ni kazi kubwa kuliko kupanda. Combo anafanya hivyo hivyo. Anawakusanya vijana chumbani na kuhutubia. Anazungumza kuhusu ajira, na ni kweli kwamba Uingereza ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni tatu wasio na kazi. Anazungumza kuhusu vita vya Falklands, kwamba vijana wamekufa bure. Shaun, aliyefiwa na baba vitani humo, anamrukia kwa hasira. Mtu mjinga angempiga kibao. Combo anamshika, anamtuliza, anamwambia anaelewa uchungu wake. Begi limeshikwa. Wakati Combo anapochora mstari na kuwataka watu wachague, Woody anaondoka, na Shaun anabaki. Hakubaki kwa sababu amekubaliana na hoja yoyote kuhusu wahamiaji. Ana miaka 12, hajui hata hoja ni nini. Amebaki kwa sababu mwanaume mzima amemwona.

Chuki inafuata baadaye, kama karo ya uanachama. Combo anawapeleka kwenye mkutano wa National Front. Mmoja wao akiuliza njiani kama kweli mtu anaamini maneno yale, anatolewa kwenye gari na kuachwa. Halafu wanavamia duka la Mwasia ambaye hapo awali aliwahi kumfukuza Shaun, na sasa mtoto anamtukana mzee yule huku mtu mzima amesimama nyuma yake na panga. Ugomvi mdogo wa dukani umepewa jina kubwa la vita vya taifa. Nadhani hii ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika filamu: itikadi hailazimiki kukuletea adui mpya, inamchukua yule uliyekwishagombana naye.

Kwa hiyo anayesema "hawa ni vichaa tu" au "ni wajinga, hawakusoma" anakosea, na kosa hilo lina gharama. Combo si kichaa. Ana ucheshi, ana machozi, anajua kusikiliza.

Na hapo ndipo lawama ile ya kwanza, kwamba hii ni filamu ya Wanazi, inapopata nguvu. Kama mbaguzi ameonyeshwa ana machozi na ucheshi, je, filamu haimpambi? Ina tofauti gani na filamu ya wabaguzi wenyewe?

Filamu za wabaguzi wenyewe zipo, na zilifanya kazi. Mwaka 1915 Marekani ilitoka The Birth of a Nation, iliyowaonyesha wapanda farasi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu la kuwatisha na kuwaua watu weusi, kama wakombozi na watu weusi kama wanyama. Mwaka huo huo kundi la Klan, ambalo lilikuwa limekufa kwa miongo kadhaa, lilifufuliwa kwenye mlima wa Stone Mountain, Georgia, na hata ile desturi yake ya kuchoma misalaba ilitokana na hadithi hiyo. Hiyo ni propaganda: inakupa steringi, inakupa adui, na inakutoa ukumbini ukijua nani wa kupigwa.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akahamia Berlin mwaka 1929. Alifanya kazi ya uhudumu hotelini, alifundisha Kiswahili, na kwa kuwa Ujerumani ya Hitler ilipenda filamu za kusifu makoloni iliyoyapoteza, alipata kazi ya kuigiza. Alionekana kwenye filamu zaidi ya 20. Ya mwisho ilikuwa Carl Peters, ya mwaka 1941, iliyomtukuza yule yule Carl Peters aliyetuletea mikataba ya hila na kunyonga watu Kilimanjaro. Mwaka huo huo Husen alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Filamu ilimhitaji kama Mwafrika mtiifu. Taifa lililotengeneza filamu hiyo halikumhitaji kama mtu.

Ukiweka Carl Peters upande mmoja na This Is England upande mwingine, tofauti haiko kwenye ukubwa wa matusi. Propaganda nyingi hazina hata tusi moja. Zina mandhari nzuri na muziki wa kupendeza. Cha kuangalia ni nani ana uso. Katika propaganda, anayedharauliwa hana mama, hana chakula anachopenda, hana neno la kusema. Katika This Is England, Milky ana familia, na anapoizungumzia unaweza karibu kusikia harufu ya chakula cha kwao. Cha pili cha kuangalia ni bei. Katika propaganda, ukatili hauna bei kwa anayeutenda. Hapa Combo anabaki analia sakafuni, baada ya kuharibu kitu ambacho hakitatengenezeka.

Wapo wanaosema hii yote ni habari ya wazungu, inatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Wenye kuuliza hivyo wangeanzia Kalenga, kilomita chache kutoka mjini Iringa. Fuvu lililoko kwenye makumbusho pale ni la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe. Wajerumani walikata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, na lilirudi mwaka 1954 tu, likikabidhiwa na Gavana Edward Twining. Tunasimulia habari hiyo kama ya ushujaa, na ni sawa. Lakini fuvu la Mkwawa halikuwa peke yake. Mafuvu ya watu wa makoloni yalikusanywa kwa maelfu, yakapimwa kwa rula na kuorodheshwa Berlin, zaidi ya 1,000 yakitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani peke yake. Lengo la wengi wa wapimaji lilikuwa kuthibitisha kwamba binadamu wamepangwa madaraja na kwamba madaraja hayo yanasomeka kwenye mifupa. Mmoja wa wasomi wa fani hiyo, Eugen Fischer, alifanya utafiti Namibia mwaka 1908 kuhusu watoto wa wazazi wa rangi mbili; baadaye akawa bingwa wa elimu ya "usafi wa damu" chini ya Wanazi. Swastika, ile nembo ya Wanazi, iliyochorwa kwenye mkono wa kijana wa kipara mwaka 1983 ina ukoo, na ukoo huo umepita Iringa.

Mafuvu mengi katika mkusanyiko huo wa Berlin yalitoka Rwanda. Wapimaji waliamua kwamba Watutsi ni damu nyingine, karibu na wazungu, na Wahutu ni wa chini. Wabelgiji wakaja kuliandika jambo hilo kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Kilichotokea 1994 hakihitaji kusimuliwa na mimi, ila kinajibu wale wanaoamini kwamba itikadi ya damu inahitaji ngozi nyeupe ili ifanye kazi.

Wala haihitaji mhanga mweusi. Ifunda mkoani Iringa na Kidugala mkoani Njombe kuna makaburi ya Wapolandi, wazungu kabisa. Nchi yao iligawanywa na Hitler na Stalin mwaka 1939. Hawa waliozikwa kwetu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakapitia Uajemi hadi kambi za wakimbizi za Tanganyika. Waliobaki upande wa Hitler walihesabiwa watu wa daraja la chini waliofaa kuwa watumwa, na Wayahudi kati yao wakauawa kwa mamilioni. Macho ya bluu hayakumwokoa mtu.

Ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, nayo tunaijua kwa miguu. Kwanza, wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1925 viongozi wa masetla wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland (Malawi) na Rhodesia Kaskazini (Zambia) walikutana Tukuyu, kwa mwaliko wa Lord Delamere, kiongozi wa masetla wa Kenya, kupanga namna ukanda huu wote ungekuwa chini ya utawala wa masetla. Ndiyo, Tukuyu hii ya ndizi na chai. Mpango ule haukufika mbali. Ila kusini mwa Zambezi masetla walifanikiwa: tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa Rhodesia wa wazungu wachache juu ya Waafrika walio wengi. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata kwa kutoridhishwa na namna ilivyolishughulikia jambo hilo. Zambia ikajikuta imebanwa, shaba yake haina njia isiyopita kwa adui. Jibu lake ni ile reli inayopita Mbeya. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Wapiganaji wa Zimbabwe nao walipiga kambi Mgagao, Iringa. Mtaa wetu mmoja hapa mjini unaitwa Soweto hadi leo, jina la kitongoji cha watu weusi cha Afrika Kusini ya makaburu.

Sasa weka hilo kando ya tukio la Juni 2015. Kijana mzungu wa miaka 21, ambaye jina lake sitaliandika, aliingia kanisa la watu weusi huko Charleston, Marekani, akakaa nao kwenye kipindi cha Biblia, kisha akaua tisa. Katika picha zake alikuwa amevaa koti lenye nembo mbili: bendera ya Afrika Kusini ya makaburu na bendera ya Rhodesia. Alizaliwa miaka zaidi ya kumi baada ya Rhodesia kufutika. Hakuwahi kuishi huko. Aliipata mtandaoni, ikiwa imegeuzwa hadithi ya paradiso iliyopotea, na katika hadithi hiyo sisi, tulioishi upande huu wa reli, ndio maadui. Kwa kifupi, filamu kuhusu wabaguzi wa Uingereza au Marekani haizungumzi juu ya watu wasiotujua. Wanatujua sana, ila wanatujua kwa uongo.

Turudi kwa yule mtaalamu wa Mwanjelwa na swali lake. Kwenye vibanda umiza tumezoeshwa kwamba steringi hafi, adui anaonekana kwa sura tangu dakika ya tano, na mtafsiri atakuambia mapema nani ni nani. Ukiitazama This Is England kwa kanuni hizo utapotea. Woody mwema anaondoka katikati na kumwacha mtoto mikononi mwa Combo, jambo ambalo steringi hafanyi. Shaun ni mtoto tunayemhurumia, na ndiye anayemtukana mzee dukani. Combo ni adui, na ndiye anayempa Shaun kile ambacho kila mtoto yatima anakitafuta.

Ndiyo maana lile tukio la kipigo linatakiwa litazamwe zima. Kabla ya ngumi ya kwanza kuna mazungumzo marefu. Siku ile ya hotuba Combo alimwuliza Milky kama anajiona Mwingereza au Mjamaika. Milky alijibu Mwingereza, na Combo akamsifu. Sasa, wakivuta, anamwuliza kuhusu kwao. Milky anajibu bila hila: baba yupo, bibi yupo, ndugu tele, chakula meza nzima. Kila jibu linamkata Combo, aliyekulia bila hayo. Uso wake unabadilika polepole, na mtazamaji makini anaona kabla ya Milky. Halafu ndipo matusi ya rangi yanatoka, yote kwa pamoja. Kipande kinachozunguka kwenye simu mara nyingi kimekatwa hapo kwenye mazungumzo, kwa hiyo kinabaki kipigo kisicho na sababu. Ukirudisha zile dakika zilizokatwa unaona kitu kibaya zaidi: Combo alikuwa na wivu, na itikadi ilikuwa imemwandalia lugha ya kuuita wivu huo jina jingine.

Uingereza iliipa filamu hii daraja la miaka 18. Meadows alilalamika kwamba vijana wa miaka 15 ndio wanaowindwa na kina Combo, na ndio waliofungiwa nje. Namwelewa, ingawa nisingeiweka mbele ya mtoto wa darasa la sita. Hapa kwetu kukagua filamu na kupanga umri ni kazi ya Bodi ya Filamu, kwa sheria ya mwaka 1976, na mwenye ukumbi anayetaka kuionyesha hadharani aanzie huko. Mtafsiri atakayeipata naye ana mtihani: akimwita Combo "jambazi" tangu mwanzo, kama ilivyo desturi ya kazi, atakuwa amewaficha watazamaji jinsi Shaun alivyoingia mtegoni, kwa sababu Shaun hakuambiwa na mtu yeyote kwamba huyu ni jambazi.